Mchoro huria: kwa nini karatasi peke yake haitoi tofali

Katika ateliye nyingi za Katuba na Kampemba, jijini Lubumbashi, mashine ya kusaga mahindi huundwa bila mchoro. Fundi huazima mashine iliyotoka nje, huifungua, hupima kila kipande, kisha hukata bati na kuchomelea. Inasaga vizuri. Baada ya miezi michache nyundo za ndani zimekwisha, shafti inapiga kelele, na hapo ndipo inapojulikana kwamba kilichonakiliwa ni umbo tu. Nyundo zile zilikuwa za chuma cha aina gani? Zilipozwa kwa mafuta au kwa maji? Shafti iliachiwa nafasi gani ndani ya beringi? Hayo hayaonekani kwenye kipande kilichokwisha chakaa. Yako kwenye karatasi za kiwandani, na karatasi hazikuja pamoja na mashine.

Usanifu huria ni kuzitoa karatasi hizo hadharani kwa ruhusa ya wazi: yeyote azisome, aunde, abadilishe na auze alichounda. Neno "huria" halisemi kitu kuhusu bei. Mashine yenye mchoro huria bado inataka chuma, bageti za kuchomelea, umeme na siku za fundi, na vyote hivyo hulipiwa. Kilicho bure ni ujuzi, na hata huo una gharama yake ya kuupokea, kama tutakavyoona.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Chukudu ya Goma, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo iliyosimamishiwa hadi sanamu katikati ya mji, haina mwenye hataza, yaani haki ya kuwakataza wengine wasiiunde. Kila seremala anaijua, kila mmoja huongeza au hupunguza, na mti ukikosekana hutumika mwingine. Ni usanifu huria uliokaa mikononi na midomoni badala ya kwenye faili. Udhaifu wake ni kwamba husafiri kwa mwendo wa mwanagenzi: atakayejifunza lazima aende akakae na fundi. Karatasi nzuri inafupisha safari hiyo. Karatasi mbaya humpeleka mtu porini na kumwacha huko.

Kilichomo ndani ya kifurushi

Picha ya mashine kwenye intaneti si mchoro. PDF yenye vipimo ni mchoro, lakini haijawa chanzo. Kifurushi kamili kina faili asilia za programu ya usanifu (FreeCAD hutosha na haina malipo), orodha ya vipande pamoja na unene na aina ya kila chuma, mpangilio wa kuunganisha, namna ya kupima kama kazi imekaa sawa, na leseni.

Aina ya faili ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Faili ya STL, ile inayopendwa na wenye printa za plastiki, ni bukari iliyokwisha kusongwa: unaweza kuila, huwezi kuirudisha kuwa unga. Ina umbo la nje tu, limekatwa vipembetatu, na ukitaka kuongeza tundu moja utahangaika. Faili ya STEP, au faili asilia ya FreeCAD, bado ni unga. Kwa kazi za bati, DXF, faili ya mistari bapa ya kukatia, inatosha. Anayetoa STL peke yake na kujiita huria amewagawia watu sahani na kuwafungia ghala.

Sheria, kwa ufupi lakini bila kuchanganya

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu ulinzi wa aina mbili husemwa kama mmoja. Hakimiliki hulinda mchoro kama kazi iliyoandikwa: huruhusiwi kuchapisha karatasi za mtu na kuziuza bila idhini yake. Haikatazi kuunda kitu kilichochorwa humo. Hataza ndiyo inayokataza kuunda, lakini ina mipaka miwili. Hudumu miaka 20, na hufanya kazi tu katika nchi ilikosajiliwa. Hapa Kongo hakimiliki inasimamiwa na amri-sheria namba 86-033 ya 5 Aprili 1986, na hataza na sheria namba 82-001 ya 7 Januari 1982. Kwa hiyo mashine yenye hataza ya Marekani pekee, isiyosajiliwa Kinshasa, haimfungi fundi wa Lubumbashi. Ila akitaka kuivusha Kasumbalesa na kuiuza Zambia, aulize kwanza hali ikoje upande ule.

Leseni za vifaa zilitokana na pengo hilo kati ya mchoro na kitu kinachoundwa kutokana nao. Maabara ya CERN, Uswisi, ilitoa leseni yake ya kwanza ya vifaa huria mwaka 2011, na toleo la pili la mwaka 2020 lina sura tatu. Yenye herufi S humlazimu anayebadilisha mchoro na kuuza mashine kutoa mabadiliko yake yote kwa masharti yale yale. W humlazimu kwa sehemu aliyoigusa tu, si kwa mashine nzima inayoizunguka. P haimdai mengi zaidi ya kutunza majina na ilani za waliotangulia. Kwa chama cha mafundi kinachoogopa tajiri mmoja achukue kazi yao, aiboreshe na kuifungia ndani, S ndiyo ya kuchagua.

Leseni ya kuangaliwa kwa jicho kali ni ile ya Creative Commons yenye alama NC, yaani isiyoruhusu biashara. Watu huiweka kwa nia njema, wakidhani wanawalinda maskini. Matokeo yake ni kinyume: shirika lenye wafadhili linaweza kuutumia mchoro kugawa bure, lakini fundi wa Ruashi anayeishi kwa kuuza anachounda anaingia kwenye shaka. Ufafanuzi wa vifaa huria uliotolewa mwaka 2011 unataka biashara iruhusiwe. Mchoro wenye NC hauhesabiki kuwa huria, hata ukipakuliwa bila kulipa faranga.

Mfano: mashine ya kukandamiza tofali

Maelezo ya juu hayana ladha mpaka yashikwe na kitu. Tuchukue mashine ya mkono ya kukandamiza udongo, kwa sababu mchoro wake umezunguka dunia kwa miongo mingi. Mama yake ni CINVA-Ram, iliyosanifiwa Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez. Ni sanduku la chuma, pistoni chini yake, kifuniko juu, na wenzo mrefu. Hutoa tofali la sentimita 29 kwa 14 kwa 9. Watu wanne au watano waliozoea hutoa takriban matofali 300 kwa siku. Hakuna tanuri, kwa hiyo hakuna miti ya miombo inayokatwa kuchoma tofali.

Kabla ya kukata chuma, fanya hesabu ya nguvu, kwa sababu ndiyo inayoeleza kila kinachovunjika. Uso wa tofali ni sentimita za mraba 406. Mgandamizo mzuri wa mashine ya mkono ni kama megapaskali 2, yaani kilo 20 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha: karibu tani 8. Tani 8 hizo zote hupita kwenye pini chache zinazoshika wenzo, na udongo nao husukuma kuta za sanduku kwenda nje. Ndiyo maana kuta huwa za bati la milimita 8 hadi 10, zikiwa na mbavu kwa nje kwenye upande mrefu. Fundi anayepunguza hadi milimita 5 ili kuokoa pesa atapata matofali mazuri mwanzoni, halafu kuta zitavimba katikati na tofali halitatoka tena.

Kosa la kawaida kuliko yote ni joto la kuchomelea. Ukishona kona moja kutoka juu hadi chini bila kusimama, sanduku huvutwa na kupinda, na pistoni hukwama. Weka kipande kigumu cha vipimo sahihi ndani ya sanduku, shikiza kona zote kwa nukta fupi, pima mishalale miwili (ikiwa haifanani, gonga kabla ya kuendelea), kisha shona sentimita chache upande huu na sentimita chache upande wa pili. Acha nafasi ya nusu milimita hadi milimita moja kati ya pistoni na kila ukuta. Ikibana zaidi, chembe moja ya mchanga huifunga. Ikiachia zaidi, udongo hupenya pembeni na kuota ndevu.

Pini ni hadithi nyingine. Lubumbashi haina uhaba wa shafti kuukuu za malori, na chuma chake ni kigumu, kinafaa. Ila usikichomelee kikiwa baridi: mshono hupasuka siku hiyo hiyo au wiki ijayo, kimya kimya. Kipashe moto kwanza, chomelea kwa bageti za 7018 zilizokaushwa, kisha kifukie kwenye majivu kipoe polepole. Afadhali zaidi, usikichomelee kabisa. Kiache kiwe pini inayochomoka, izunguke ndani ya bushi inayobadilishwa. Kinachochakaa kikiwa cha kufungwa kwa bolti, mashine huishi miaka. Kikiwa kimeshonwa, mashine hufa pamoja nacho.

Halafu kuna inchi. Michoro mingi huria hutoka Marekani. Open Source Ecology, mradi ulioanzishwa na Marcin Jakubowski mwaka 2003 na kutangaza seti ya mashine 50 za kuendesha kijiji kizima, nao una mashine ya tofali, ya haidroliki, iliyochorwa kwa inchi. Bati la robo inchi ni milimita 6.35, na hapa utapewa la 6. Bomba la mraba la inchi 2 ni milimita 50.8, na hapa utapewa la 50. Tofauti ya 0.8 haiumi mtu, lakini panga mabomba kumi kwa safu na umepotea milimita 8, matundu hayakutani tena. Bolti ya nusu inchi ni 12.7, na M12 itacheza ndani ya tundu lake mpaka ilile. Na bomba la maji linaloitwa "inchi moja na nusu" lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3, hiyo 38 ya hesabu ya shuleni huipati popote ukilipima. Anayehamisha mchoro asibadilishe namba moja moja. Achague kwanza vyuma vinavyopatikana kwenye kinkayeri (duka la vyuma) ya mjini, kisha achore upya kuvizunguka. Kazi hiyo ni ya siku kadhaa, na ndiyo gharama ya ujuzi wa bure niliyoitaja mwanzoni.

Hiyo seti ya mashine 50 imefundisha mengi, ingawa nyingi kati yake hazikufika mwisho. Somo moja: haidroliki huongeza kasi lakini pia huongeza pampu, vali na mipira ya shinikizo. Mpira mmoja ukipasuka, mashine nzima inasubiri mzigo kutoka nje. Kijiji kinachojitegemea si kile kinachounda kila kitu. Ni kile kinachojua ni vitu gani hakiwezi kuunda, kikaviweka akiba. Kwa mashine ya mkono, orodha hiyo ni fupi: bageti, bolti, sima (saruji).

Udongo haumo kwenye mchoro

Mashine ile ile, iliyoundwa vizuri, ikipelekwa Goma itageuka chuma chakavu. Sehemu kubwa ya mji huo imekaa juu ya lava ya Nyiragongo, iliyoufikia tena Januari 2002 na kufika ukingoni mwake Mei 2021. Udongo wenye mfinyanzi wa kutosha ni wa kutafuta mbali, na fundi wa huko ana jiwe la bure mlangoni. Kanda ya Lubumbashi ina udongo mwekundu na vichuguu virefu kuliko nyumba. Wachoma tofali wameutumia udongo wa vichuguu tangu zamani, ila kwa kukandamiza mara nyingi una mfinyanzi mwingi mno na lazima uongezewe mchanga.

Kiasi gani? Usikisie. Toa kwanza udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 30 au zaidi. Jaza theluthi ya chupa angavu kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, weka chini. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, vumbi laini hufuata, mfinyanzi huhitaji hadi kesho yake. Soma tabaka kwa rula. Mchanga ukiwa sehemu kubwa kidogo kuliko nusu, na mfinyanzi kama sehemu moja ya tano, uko pazuri.

Kipimo cha pili ndicho kinachoamua sima. Tengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, lipake mafuta, lijaze udongo uliolowa, uache kivulini wiki moja. Sukuma udongo uliokauka upande mmoja na upime pengo. Likiwa chini ya milimita 12, changanya sima ndoo 1 kwa udongo ndoo 18. Kati ya 12 na 25, moja kwa 16. Hadi 38, moja kwa 14. Hadi 50, moja kwa 12. Likizidi hapo, usitupe sima: ongeza mchanga na upime tena. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hukubaliana zaidi na chokaa kuliko sima, na mawe ya chokaa ya Kakontwe, Likasi, si mbali, ila chokaa hukomaa polepole.

Hesabu ya mfuko mmoja inafaa kubandikwa ukutani. Kilo 50 za sima ni kama lita 35. Kwa moja kwa 16, unahitaji lita 560 za udongo uliochekechwa kwa wavu wa milimita 5. Tofali moja hula kama lita 6 za mchanganyiko usiokandamizwa. Kwa hiyo mfuko hutoa matofali 95, si zaidi sana. Mita ya mraba ya ukuta wa sentimita 14 huchukua 33, kwa hiyo kuta za mita za mraba 80 zinataka 2,640, na ukiweka ya kuvunjika, 2,800: mifuko 30. Anayekuahidi nyumba hiyo kwa mifuko kumi anakuuzia matope.

Changanya vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, kisha nyunyiza maji. Finyanga donge, liachie kutoka usawa wa bega kwenye sakafu ngumu. Likipasuka vipande vinne au vitano, maji yanatosha. Likibaki limebonyea, yamezidi. Likisambaratika, yamepungua. Mchanganyiko wenye sima utumike ndani ya saa moja, kwa hiyo usichanganye wa siku nzima asubuhi. Jaza kalibu kwa kopo moja la kipimo kila mara. Anayejaza kwa macho hupata tofali gumu leo na legevu kesho, na akizidisha huvunja wenzo. Asimame pembeni mwa wenzo, kamwe si mbele yake: ukiponyoka ukiwa na mzigo, hurudi kwa nguvu ya kuvunja taya.

Kisha wengi huharibu kila kitu kwa haraka ya kukausha juani. Sima haikauki, inashikana, na inahitaji maji kushikana. Funika matofali kwa bashi (turubai) siku 7, uyanyunyizie, na usiyajenge kabla ya siku 28. Huku kwetu msimu mkavu, Mei hadi Oktoba, ndio wa kufyatua, lakini hewa yake kavu hufyonza maji upesi, na tofali lisilofunikwa hubaki vumbi lenye umbo zuri.

Karatasi inavyoharibikia njiani

Mchoro ukisambazwa kwa WhatsApp kama picha hubanwa na namba ndogo hugeuka ukungu, kwa hiyo utume kama faili. Vigezo vya kukatia vinavyochapishwa kwa ukubwa halisi huponzwa na printa inayopunguza ukurasa ili utoshee. Dawa ni ndogo: chora kwenye kila ukurasa mstari wa milimita 100, na fundi aupime kwa rula kabla ya kukata. Ukiwa 97, kigezo hicho ni cha kufungia karanga.

Kila toleo lipewe namba, na namba hiyo igongwe kwenye mashine yenyewe. Pini ikivunjika Kipushi, anayeulizwa atajua ni mashine ya toleo lipi. Daftari la ateliye lieleze nini kilibadilika, lini, na sababu. Sababu ndiyo inayosahaulika. Bila hiyo, fundi wa tatu huondoa ubavu "usio na kazi" ambao fundi wa kwanza aliuweka baada ya ukuta kuvimba.

Pesa hutoka kwenye mashine, vipuri na mafunzo, kwa maana mchoro hauuziki. Mashine moja ni ghali kwa mtu mmoja lakini nyepesi kwa kundi. Chini ya sheria za OHADA, ambazo Kongo ilijiunga nazo mwaka 2012, watu 5 wanatosha kuunda chama cha ushirika cha aina nyepesi, na watano hao wanatosha pia kuiendesha mashine yenyewe.

Na kabla ya kuandika "huria" kwenye jalada, mpe kifurushi fundi wa mtaa mwingine ambaye hajawahi kuiona mashine ya kwanza. Kaa naye, usimjibu kitu. Andika kila swali analouliza na kila mahali anapokisia, ukarekebishe karatasi. Mashine yake ikiisha, fyatua matofali 20 mfululizo kwa kopo lile lile na upime urefu wa kila moja. Yakitofautiana zaidi ya milimita 2, tazama pini na kituo cha wenzo kwanza. Baada ya siku 28 tumbukiza tofali moja majini mpaka kesho yake, kisha likwaruze kwa kucha uone kama sima imeshika.